Mlango, kifuko au mpasuko? Ulinganisho wa njia ambazo seli iliyobanwa hutoa ujumbe wake

Ukitaka kuona ATP, molekuli ya nishati ambayo ikitoka nje ya seli huwa ujumbe kwa jirani, huhitaji kufanya mengi. Badilisha majimaji ya sahani kwa pipeti isiyo na huruma, na mwanga wa lusiferasi, kimeng'enya kinachong'aa kikikutana na ATP, utapanda. Siku yangu ya kwanza nilishangilia ongezeko zuri kabisa, hadi nilipopima sahani ya kulinganishia, ambayo haikuvutwa wala kubanwa, nayo ikatoa jibu lile lile. Kilichozisumbua seli kilikuwa mkono wangu.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayepanga mradi wa maabara kuhusu seli na nguvu za kimakanika, na ambaye lazima achague mambo matatu: aanze na dhana gani, azisumbue seli kwa nguvu ipi, na apime kwa kipimo kipi. Mfano wangu mkuu ni ATP, kwa kuwa ndiyo molekuli ya ishara iliyochunguzwa sana katika uwanja huu. Nyingine nitazigusa pale zinapokataa kufuata sheria zake.

Msimamo wangu niuseme mapema. Wengi huanza kwa kuchagua jina la mlango, kwa mfano paneksini au koneksini (protini zinazounda chaneli), kwa sababu tu kizuizi chake, yaani dawa ya kuufunga, kinapatikana kwa urahisi. Mimi naanzia upande wa pili: nahakikisha kwanza kwamba seli haijapasuka, kisha naamua kama ni mlango (chaneli kwenye utando wa seli) au kifuko (kijifuko cha ndani kinachomwaga nje kilichobeba), na jina la mlango linakuja mwisho kabisa.

Kwanza: seli bado ni nzima?

Ndani ya seli ATP iko kwenye kiwango cha milimola, takriban 1 hadi 5. Nje, seli zikiwa zimetulia, iko kwenye nanomola. Tofauti inakaribia mara milioni. Kwa hiyo ATP haihitaji kusukumwa ili itoke. Inahitaji upenyo tu. Na upenyo mkubwa kuliko yote ni utando uliochanika.

Fanya hesabu ndogo. Sahani ina seli 100,000, na 100 kati ya hizo zimepasuka ulipoivuta. Kwa hadubini huzioni. Lakini umemwaga sehemu 1 kwa 1,000 ya akiba yote ya ATP, na toleo la kweli, yaani ATP ambayo seli hai huitoa yenyewe, nalo ni sehemu ndogo tu ya akiba hiyo. Mpasuko mdogo unaweza kujifanya ishara.

Jambo hili si la wanafunzi peke yao. Kwa miaka mingi chembe nyekundu za damu zilitajwa kama mfano mzuri wa seli zinazotoa ATP kwa mpango zinapopindwa kwenye mishipa myembamba. Mwaka 2014 utafiti katika jarida la Blood ulionyesha kwamba, katika hali kadhaa zilizozoeleka za majaribio, ATP hiyo ilikwenda sambamba na himoglobini iliyomwagika. Chembe zilikuwa zinapasuka. Mjadala haukuisha hapo, lakini tangu wakati huo anayepima ATP ya chembe nyekundu bila kupima himoglobini kwenye majimaji yale yale anajitafutia maswali.

Kwa seli nyingine, kipimo cha kawaida ni LDH, kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli. Ni kikubwa mno kupita kwenye chaneli yoyote ninayoijadili hapa, hivyo kikionekana nje ujue ukuta umebomoka. Udhaifu wake ni kwamba hakioni kidogo kama lusiferasi inavyoona. LDH inaweza kusema "salama" huku seli chache zimekwisha kufa. Dawa yake ni kuongeza propidiamu aidaidi, rangi inayowasha kiini cha seli iliyochanika, na kuhesabu seli moja moja. Ukiweza kufanya kimoja tu, fanya hicho cha rangi.

Mlango

Tukikubaliana kwamba seli ni nzima, dhana ya kwanza ni kwamba kuna chaneli kwenye utando inayofunguka na kuachia ATP ipite kufuata mteremko wake. ATP ina uzito wa daltoni 507, kwa hiyo chaneli za kawaida za ioni ni nyembamba mno kwake. Wagombea wa kweli ni wachache.

Paneksini 1 ndiyo inayotajwa zaidi. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba chaneli hii huitikia kunyooshwa kwa utando na kwamba ATP hupita ndani yake. Mwaka 2020 picha za hadubini ya elektroni zilionyesha imeundwa kwa vipande 7. Ina tabia moja ninayoipenda: ATP iliyokwisha kutoka hurudi kuizuia. Mlango unajifunga mambo yanapozidi, na ndiyo sababu toleo lake mara nyingi hupanda kisha likashuka hata kama nguvu bado ipo.

Koneksini, hasa koneksini 43, hujulikana kwa kuunganisha seli na jirani yake. Lakini nusu ya kiungo hicho, yenye vipande 6, inaweza kukaa peke yake kwenye utando ikitazama nje. Kwenye osteosaiti, yaani seli zilizozikwa ndani ya mfupa, nusu-chaneli hizi zilionyeshwa mwaka 2005 kuwa njia ya kutolea prostaglandini E2, molekuli nyingine ya ishara, majimaji yanapoburuta juu ya seli.

Mgombea wa tatu ni familia ya LRRC8, chaneli inayofunguka seli inapovimba. Jeni yake kuu, LRRC8A, ilitambuliwa mwaka 2014 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake. Kama jaribio lako ni la kuivimbisha seli, huyu hupaswi kumruka.

Na Piezo1, chaneli inayohisi nguvu? Hapa ndipo watu wengi huteleza. Piezo1 na Piezo2 zilitangazwa mwaka 2010 na maabara ya Ardem Patapoutian, baada ya Bertrand Coste kubonyeza seli kwa pipeti ya kioo huku akizima jeni moja baada ya nyingine kwenye orodha ya 72. Jibu lilikuwa kwenye ile ya mwisho. Patapoutian alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius. Lakini Piezo1 hupitisha ioni zenye chaji chanya, kama sodiamu na kalsiamu. ATP ina chaji hasi, tena ni kubwa. Piezo1 ni kengele, mlango uko kwingine. Ukiizima na ATP ikapungua, umejifunza kwamba seli ilisikia nguvu kupitia kwake. ATP ilipopitia bado hujui. Utafiti wa mwaka 2016 kwenye seli za ndani ya mishipa ya damu unaonyesha mpangilio huo vizuri: mtiririko huamsha Piezo1, ATP hutoka, hunasa kwenye P2Y2, kipokezi cha ATP cha seli ile ile au jirani, na mwishowe naitriki oksaidi hutengenezwa na mshipa hulegea. Panya waliokosa Piezo1 kwenye seli hizo walipata shinikizo la juu la damu.

Kifuko

Dhana ya pili ni kwamba ATP ilikuwa imefungashwa tayari ndani ya vifuko vidogo, na nguvu ilivifanya viungane na utando na kumwaga vilichobeba. Kwa muda mrefu dhana hii ilikosa kiungo kimoja: nani anaijaza ATP kwenye kifuko? Mwaka 2008 msafirishaji huyo alipatikana, akaitwa VNUT, jeni yake ikiwa SLC17A9. Tangu hapo kuna kitu cha kuzima, na mwaka 2017 ikaonekana kwamba klodroneti, dawa ya mifupa ya siku nyingi, humzuia kwa ukolezo wa nanomola.

Kuna ushahidi wa zamani wa vifuko na nguvu usiotoka kwenye ATP. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba seli za aina ya II za vifuko vya hewa vya pafu, zikivutwa mara moja tu, kalsiamu hupanda ndani yake kisha humwaga safaktanti, ule mchanganyiko wa mafuta na protini unaozuia vifuko vya hewa visijikunje. Mvuto mmoja, na utoaji ukaendelea kwa dakika nyingi. Utumbo una mfano mpya zaidi: seli za enterokromafini, zinazohifadhi serotonini (molekuli nyingine ya ishara), hubanwa, Piezo2 hufunguka, kalsiamu huingia, na serotonini humwagwa. Huko kengele na kifuko vimepangwa kwa mfuatano ulio wazi, na kama unatafuta mfumo usio na utata mwingi wa kujifunzia, huu ni mzuri.

Kwa ATP mambo si rahisi hivyo. Seli za saratani ya pafu za aina A549, zikivimbishwa, hutoa ATP kwa njia inayotegemea kalsiamu, jambo linaloelekeza kwenye kifuko. Seli nyingine kwa kichocheo hicho hicho huelekeza kwenye chaneli. Swali "ATP hutokaje?" halina jibu moja, lina jibu kwa seli fulani na nguvu fulani.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

| Unachoangalia | Mlango | Kifuko |
|---|---|---|
| Kalsiamu ya ndani ikinaswa kwa BAPTA-AM | toleo laweza kuendelea au kupungua | hupungua sana |
| Bafilomaisini A1 (huzuia kujazwa kwa vifuko) | haligusi mlango wenyewe | hupungua baada ya muda |
| Rangi ndogo iliyowekwa nje | huenea seli nzima | ikiingia hubaki vitone |
| Vinavyotoka pamoja na ATP | molekuli ndogo za sitoplazimu | chochote kilichofungwa humo, hata protini |
| Sura ya toleo kwenye picha | wimbi laini | milipuko midogo midogo |

Jedwali hili linaonekana safi kuliko maisha yalivyo, hivyo tulichokonoe.

Safu ya kalsiamu ndiyo hutumiwa zaidi na ndiyo hudanganya zaidi. Kifuko kinahitaji kalsiamu, sawa. Lakini paneksini 1 nayo imeripotiwa kufunguliwa na kalsiamu ya ndani. Kwa hiyo BAPTA ikipunguza ATP, hujathibitisha kifuko. Umeondoa tu mlango unaofunguliwa na mvuto wa utando moja kwa moja. Kinyume chake kina nguvu zaidi: BAPTA isipobadilisha chochote, kifuko kinakuwa na kesi ngumu.

Kosa baya zaidi ni kuondoa kalsiamu ya nje ukidhani unafanya jaribio lile lile. Nusu-chaneli za koneksini hufunguka kalsiamu ya nje inaposhuka. Utakuwa unafunga njia moja huku ukifungua nyingine, na namba itakayotoka haitakuwa na maana. Nasa kalsiamu ndani ya seli, ya nje iache ilivyo.

Safu ya rangi ni nzuri ikijibu ndiyo. Ethidiamu au YO-PRO-1 ikiingia na kuenea hadi kwenye kiini, huku LDH ikiwa kimya, una mlango mpana. Isipoingia usiandike kwamba hakuna mlango, kwani chaneli inaweza kupitisha ioni au ATP na bado ikakataa rangi.

Safu ya mwisho ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayodai vifaa vya gharama. Ukiona nukta inawaka na kuzimika mahali pamoja kwenye utando, tena mahali hapo hapo palipokuwa na kifuko chenye rangi ya kwinakrini ambacho sasa hakipo, mjadala unakaribia kuisha.

Zile zisizopita mlangoni wala kifukoni

Kabla hujanunua vizuizi vya chaneli, hakikisha molekuli yako inahifadhiwa kabisa. Naitriki oksaidi haihifadhiwi. Hutengenezwa papo hapo na kupenya utando kama upepo kwenye chandarua. Hakuna mlango wa kuziba. Unachozuia ni kimeng'enya kinachoitengeneza. Prostaglandini E2 iko katikati: nayo hutengenezwa inapohitajika, lakini kutoka kwake husaidiwa na wasafirishaji na, kama tulivyoona kwenye mfupa, nusu-chaneli. Ukiona ongezeko lake, tenganisha "imetengenezwa zaidi" na "imetoka zaidi" kwa kupima ya ndani na ya nje pamoja.

TGF-β, protini ya ishara inayochochea kovu la tishu, ni kisa kingine kabisa. Seli huitoa ikiwa imefungwa ndani ya ganda la protini na kutundikwa kwenye nyuzi za nje. Inakaa pale ikisubiri. Seli inapovuta nyuzi hizo kupitia integrini, protini za utando zinazoishikiza seli, ganda hufunguka na TGF-β huwa huru kufanya kazi. Nyuzi zikiwa ngumu, mvuto hufanikiwa. Zikiwa laini, hujikunja tu na ganda halifunguki. Hapa kubanwa kwa seli hakujatoa chochote kutoka ndani. Ghala lilikuwa nje tangu mwanzo.

Na kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Seli za ndani ya njia ya hewa huegemeana zikiacha nafasi nyembamba katikati, na humo humwaga molekuli za familia ya EGF, zinazochochea seli kukua, bila kukoma. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba zikigandamizwa, nafasi hiyo husinyaa. Kiasi kinachomwagwa hakikuongezeka. Ukolezo ndio uliopanda kwa kuwa chumba kilipungua, na vipokezi vikaamka. Ishara ya kimakanika bila chaneli mpya kufunguka wala kifuko kupasuka! Anayepima jumla tu kwenye majimaji ya juu angesema hakuna kilichotokea.

Nguvu ipi?

Nadhani uchaguzi huu una uzito kuliko wa kizuizi, na ndio hupewa muda mchache.

Kubonyeza seli moja kwa pipeti ya kioo kunakupa wakati sahihi hadi milisekunde na kunakwenda vizuri na vipimo vya umeme. Kwa Piezo ni chaguo la kwanza. Kwa ATP seli moja hutoa kidogo mno kwa kipimo cha sahani nzima, na ncha ya pipeti ina hatari ya kutoboa.

Kuvuta seli zilizoshikamana na utando wa silikoni kunafaa seli ambazo kweli huvutwa mwilini: pafu, kibofu cha mkojo, moyo. Wasiwasi wangu ni kwamba utando ukisogea, majimaji juu yake husogea pia, kwa hiyo unavuta na kuburuta kwa pamoja. Weka sahani ya kulinganishia ambayo majimaji yanatikiswa bila utando kuvutwa. Angalia pia kiwango. Mfupa mzima ukitembelewa hunyooka kwa nadra zaidi ya asilimia 0.1, ilhali seli zake kwenye sahani huhitaji asilimia 1 hadi 10 ndipo ziitike. Pengo hilo ndilo lililowafanya watafiti wa mfupa wahamie kwenye mtiririko: mfupa ukipindwa kidogo, majimaji husukumwa kwenye vijia vyembamba na kuziburuta osteosaiti.

Mtiririko ni chaguo la mishipa ya damu na mfupa. Mburuto kwenye ateri ni takriban paskali 1 hadi 7, kwenye vena paskali 0.1 hadi 0.6. Kwa chemba ya bamba mbili sambamba, mburuto ni 6 × mnato × kasi ya ujazo, gawanya kwa upana × kimo mraba. Chemba yenye upana wa mm 25 na kimo cha mm 0.25, yenye majimaji ya mnato wa milipaskali-sekunde 0.7, huhitaji takriban mililita 22 kwa dakika kufikia paskali 1. Kimo kinaingia mara mbili kwenye mlinganyo, basi ukikosea na kukifanya nusu, mburuto unakuwa mara nne.

Tatizo la mtiririko ni kwamba huosha. ATP inayotoka hupelekwa mbali, na vimeng'enya vilivyo juu ya seli, CD39 na wenzake, huila iliyobaki. Ukiongeza kasi, umebadilisha mburuto na uoshaji kwa pamoja, na hujui seli imejibu kipi. Mbinu ya kutenganisha ni ya zamani na haijachakaa: acha kasi ilivyo, ongeza dekstrani ili majimaji yawe mazito. Mburuto unapanda huku kasi ikibaki ile ile. Ninapoona grafu ya mtiririko bila jaribio hili, naisoma kwa jicho moja.

Kuvimbisha seli kwa majimaji yaliyopunguzwa chumvi ni rahisi, ni rafiki wa sahani zenye visima 96, na seli zote huguswa wakati mmoja. Ndiyo njia ya anayeanza. Ila ukipunguza chumvi kwa kuongeza maji, umegusa pia lusiferasi, ambayo hung'aa zaidi chumvi ikipungua. Tengeneza majimaji mawili yenye chumvi kidogo sawasawa. Moja liongezee manitoli, ambayo si chumvi, hadi osmolariti (jumla ya vilivyoyeyuka) ya kawaida, lingine uliache. Tofauti kati yao ndiyo kuvimba.

Kipimo kipi?

Lusiferasi ya kimulimuli ikichanganywa na lusiferini hutoa mwanga kulingana na ATP iliyopo. Ni nyeti sana, na mashine yoyote ya kusoma mwanga inatosha. Inakupa wastani wa seli zote, ambao huficha kama seli zote zimetoa kidogo au chache zimetoa nyingi. Kila dawa unayotumia ijaribu kwanza kwenye ATP safi bila seli, kwa sababu baadhi hupunguza mwanga zenyewe. Nimewahi kuona matokeo mazuri ya "kizuizi cha paneksini" ambayo yalikuwa kizuizi cha lusiferasi.

Vihisio vya protini vinavyowekwa kwenye utando, kama GRAB-ATP, huonyesha mahali na wakati. Ukitaka kujibu swali la mlango au kifuko kwa picha, hivi ndivyo. Vinahitaji hadubini ya mng'ao na seli zinazokubali kupokea jeni.

Njia ya tatu ni seli mpelelezi: seli nyingine yenye P2X2, kipokezi cha ATP, inasogezwa karibu, na mkondo wa umeme wake unakwambia ATP imefika. Huona kwa kasi sana, na hupima pale ishara inapofika, hali lusiferasi ya sahani nzima hupima kilichokwisha kusambaa. Lakini huitikia vizuri kwenye mikromola, na mikono inayoiweza si mingi. Kwa mradi wa mwaka mmoja, ningeiacha.

Kwa yote matatu, ongeza apirasi, kimeng'enya kinachokula ATP, kwenye sampuli moja. Ishara isipopotea, unachopima si ATP.

Dawa au jeni?

Kabenoksoloni hufunga paneksini, hufunga koneksini, na hugusa chaneli za kuvimba. Kuitumia kutaja jina la mlango ni sawa na kufunga milango yote ya nyumba ili kujua mgeni alitokea upi. Probenesidi ni bora kidogo kwa paneksini, lakini huzuia wasafirishaji wa anioni (ioni zenye chaji hasi) na huamsha chaneli nyingine, TRPV2. Peptidi 10Panx (ya paneksini 1) na Gap19 (ya koneksini 43) zimekusudiwa walengwa finyu zaidi. GsMTx4, ya sumu ya buibui, huzuia Piezo na chaneli nyingine za kuvutwa. Yoda1 huamsha Piezo1 bila nguvu yoyote, na ni zana nzuri ya kuuliza kama kengele peke yake inatosha kufungua mlango.

Kuzima jeni ni ushahidi safi zaidi, ila seli hujirekebisha: ukiiondoa chaneli moja kwa wiki kadhaa, nyingine huweza kuchukua nafasi. Napenda zikienda pamoja. Dawa ikipunguza ATP kwenye seli ya kawaida na isipofanya lolote kwenye seli isiyo na jeni hiyo, hapo taja jina.

Ningechagua nini

Mwenye miezi sita na mashine ya kusoma mwanga tu: kuvimbisha kwa mbinu ya manitoli, lusiferasi, rangi ya propidiamu, BAPTA-AM, bafilomaisini. Usiguse kabenoksoloni. Utaweza kusema mlango au kifuko kwa uaminifu, na hilo linatosha kwa tasnifu.

Anayesoma mishipa ya damu: mtiririko, dekstrani, na kuzima Piezo1 pamoja na paneksini 1, kila moja peke yake kisha kwa pamoja. Pima ATP mapema na naitriki oksaidi baadaye, kwa mpangilio huo.

Anayesoma kibofu ana bahati, maana sababu ya kuuliza imewekwa wazi zamani. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba utando wa ndani wa kibofu cha sungura hutoa ATP ukivutwa; mwaka 1999 Geoffrey Burnstock, aliyependekeza tangu 1972 kwamba ATP ni mjumbe wa neva, akaeleza kwamba viungo vya mirija na mifuko hutumia njia hii kuziarifu neva kwamba vimejaa; na mwaka 2000 panya wasio na P2X3, kipokezi cha ATP kwenye neva, wakaonekana wakikojoa kwa nadra kuliko kawaida. Kwake ningesema avute, na avute kipande cha utando kizima kuliko seli za sahani, apime ATP ya upande wa mkojo na ya upande wa neva kando kando. Pande hizo hazilazimiki kutumia mlango mmoja.

Anayesoma kovu la tishu au TGF-β aachane na ulinganisho wa mlango na kifuko. Fedha zake ziende kwenye jeli zenye ugumu tofauti.

Na yeyote kati ya hao, akishabadilisha majimaji, aziache seli zitulie saa nzima kabla ya kuzigusa, kisha achote sampuli polepole kutoka juu, bila kuitingisha sahani.